Vidoti vyeusi kwenye mti uliozama: tufuate umbo la spora au vinasaba?

Swali: Shikamoo Daktari. Nafundisha biolojia sekondari, huku Muheza. Wanafunzi wangu waliopoa kipande cha mti mto Zigi, kimekaa majini hadi kimelainika. Tulikiweka kwenye kontena lenye unyevu, na baada ya wiki mbili kikajaa vidoti vyeusi. Tulipasua kimoja tukaona vifuko, kila kifuko kina spora nane. Spora ina vyumba vinne kwa mstari: viwili vya kati ni vya kahawia, vya ncha mbili havina rangi. Kipande hichohicho kina doa la zambarau, na upande mwingine pameota kitu kama brashi ndogo nyeusi. Kitabu changu cha zamani kinapanga kuvu hizi kwa umbo la spora. Orodha mpya niliyopewa na rafiki aliyeko chuoni imevuruga kila kitu, majina yamehama. Tufuate ipi, na tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na vijana wako wape salamu zangu. Kabla ya yote: waliingia mtoni wamevaa buti? Kichocho hakimjui mwanasayansi wala mchunga ng'ombe.

Jibu fupi ni kwamba kuitambua kuvu unaanza na umbo, kuipa ukoo unafuata vinasaba. Hizo ni kazi mbili. Kitabu chako hakikudanganya, ila kilifanya kazi zote mbili kwa chombo kimoja, maana kilipoandikwa chombo kilikuwa hicho tu. Orodha ya rafiki yako nayo haijavuruga kitu. Imewahamisha watu waliokuwa wamelazwa chumba kimoja kwa sababu tu walivaa kanzu zinazofanana.

Nieleze kwa nini, halafu nirudi kwenye vidoti vyako, kwa sababu ulichonieleza kinatosha kabisa kukisia mlicho nacho.

Ukimtajia mtu kuvu, anawaza uyoga wa masika kwenye kichuguu. Mtoni sivyo. Kuvu za miti iliyozama karibu zote ni za kundi la Askomikota, yaani zile zinazotunga spora ndani ya vifuko kama mlivyoona. Orodha ya dunia iliyochapishwa mwaka 2022 ilihesabu spishi 3,870 za kuvu wa maji baridi, katika jenasi 1,361. Humo wamo wa majani, wa wadudu na wa matope, lakini wa mbao na matawi ni fungu kubwa. Uyoga wenye kofia ni nadra mno, kwa kuwa namna yake ya kudondosha spora kutoka chini ya kofia inahitaji hewa, na ulaji wake wa mbao unahitaji oksijeni nyingi kuliko inayopatikana ndani ya gogo lililolowa. Yupo mmoja aliyewashangaza watu: Psathyrella aquatica, uyoga halisi wenye kofia na mikunjo, uliokutwa mwaka 2005 umesimama chini ya maji yanayokwenda kasi katika mto Rogue, jimbo la Oregon, Marekani. Ulipewa jina mwaka 2010. Huo ni wa kusimulia darasani, usiutarajie Zigi.

Hizi za vifuko zinakulaje mbao huko chini? Chukueni kile kipande chenu, kikiwa bado kimelowa, mkikwaruze kwa ukucha. Kitatoka ujiuji wa kahawia, laini kama muhogo uliochemka ukazidi. Mkishuka nusu sentimita hivi mtakuta mbao ngumu kabisa. Acheni sehemu ikauke, uso utapasuka vijumba vijumba vya mraba kama tope la ziwa wakati wa kiangazi. Huo ni uozo laini. Nyuzi za kuvu huingia ndani ya ukuta wenyewe wa seli ya mti, zikachimba vishimo vyembamba vyenye ncha kali vinavyofuata mkondo wa selulosi. Hazili kutoka katikati ya seli kama kuvu nyingi za nchi kavu. Mtu aliyeupa uozo huo jina lake ni J. G. Savory wa Uingereza, mwaka 1954, baada ya kuuona kwenye mbao za minara ya kupozea maji, ile ya vituo vya umeme ambamo maji hutiririka mchana na usiku. Shikilieni jina hilo la Savory, litarudi.

Sasa umbo. Mvuvi wa Tanga ukimwonyesha pomboo na papa atakwambia mara moja mmoja ana mapafu, ananyonyesha, mwingine ana mashavu. Lakini ukimpa mtu asiyejua bahari vivuli vyao tu, pezi la mgongoni, mwili wa mshale, mkia wenye nguvu, atawaweka kundi moja. Maji yamewachonga sawa, wala hakuna udugu wa karibu hapo. Spora za mtoni zina tabia hiyohiyo, tena zimezidisha.

Aliyeianzisha habari hii ni Mwingereza C. Terence Ingold, aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 2010 akiwa na miaka 104. Mwaka 1942 alichapisha kazi kuhusu majani ya mti wa alda yaliyokuwa yanaoza kwenye kijito cha Leicestershire. Ndani ya povu la kijito alikuta spora ambazo hakuna aliyezizingatia hivyo kabla: nyingine zina mikono minne iliyotawanyika, nyingine ndefu zimepinda kama herufi S. Kwetu Afrika Mashariki hakukusahau: mwaka 1958 alichapisha kazi kuhusu kuvu hizo kutoka Uganda na Rhodesia. Ikitokea mkapata povu jeupe lililokwama kwenye jiwe chini ya maporomoko, chukueni tone moja mlitie chini ya hadubini. Mtaelewa kwa nini mzee yule hakuacha kazi hii hadi uzeeni.

Mikono minne ni ya nini? Majaribio ya John Webster, mwaka 1959, yalionyesha kuwa spora ya namna hiyo hunaswa kwa urahisi kuliko ya duara, kwa sababu inapogusa kitu hukaa kwa ncha tatu, mkono wa nne ukabaki juu. Ni mafiga, Mwalimu. Sufuria juu ya mafiga matatu haiyumbi hata sakafu iwe mbovu. Ile ndefu yenye umbo la S nayo huviringika na maji hadi ikanase sehemu. Kwa kuwa kila kuvu ya mtoni ina shida moja, kushika mahali kabla maji hayajaipeleka baharini, umbo lililofaa limezuka mara nyingi, kwenye koo tofauti kabisa.

Mfano ninaoupenda ni Anguillospora. Jina lenyewe linatokana na mkunga, kwa ule mpindo wa S. Kwa umbo, Anguillospora longissima na Anguillospora crassa ni ndugu wa jenasi moja: spora ndefu, zimepinda, zina kuta za ndani. Zilipofuatwa hadi kwenye hatua yake ya kuzaana kijinsia, longissima ilitoa vifuko vyenye kuta mbili ndani ya kijungu cheusi kilichozama mbaoni. Crassa ilitoa kisahani kidogo kilicho wazi, cha jenasi Mollisia. Vinasaba vikathibitisha: moja ni ya ngeli ya Dothideomycetes, nyingine ya Leotiomycetes, na ngeli ni ngazi iliyo juu ya oda, kama oda ilivyo juu ya familia. Si oda tofauti, si familia tofauti, ni ngeli tofauti. Ni kama mtu akwambie kinyonga na kenge ni ndugu, halafu ukute mmojawapo ni ndege.

Kwa hiyo kitabu chako kikisema kuvu mbili zina spora za namna moja, kiamini. Kikisema kwa hiyo ni ndugu, hapo weka penseli chini.

Turudi kwenye vidoti. Kidoti kimoja ni kijungu, hivyo ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wangu: chungu kidogo chenye tumbo, shingo na mdomo. Ndani ya tumbo vimepangwa vifuko. Chenu kina spora nane, vyumba vinne, viwili vya kati vya kahawia na vya ncha visivyo na rangi. Mtu aliyezoea kazi hii akisikia maelezo hayo, neno la kwanza kinywani mwake ni Savoryella. Ndiyo, imeitwa kwa heshima ya yule Savory. E. B. G. Jones na R. A. Eaton waliieleza mwaka 1969, wakaiita Savoryella lignicola, kutoka kwenye mbao za minara ileile ya kupozea maji huko Uingereza.

Na historia yake ndiyo jibu la ugomvi wa vitabu vyako viwili. Kwa miaka arobaini kuvu hii ilikuwa kama mtoto anayepitishwa kwa shangazi hadi kwa mjomba. Kijungu chake kilifanana na cha kundi hili, kifuko chake na cha lile, na waandishi waliiweka kwenye oda zaidi ya moja, au waliandika tu kwamba mahali pake hapajulikani. Mwaka 2011 watafiti walisoma vipande kadhaa vya vinasaba vyake pamoja na vya jamaa zake, wakakuta haimo kwenye oda yoyote kati ya zile. Ikapewa oda yake, Savoryellales. Mwaka 2017 ikaongezwa ngazi nyingine juu, ngeli ndogo ya Savoryellomycetidae. Kama kitabu chako ni cha kabla ya mwaka 2011, hakikuwa na namna ya kuijua oda hiyo. Hakuna aliyekosea hapo, ni tarehe tu.

Lakini msiandike Savoryella kwenye daftari bado. Kuna jirani anayefanana: Ascotaiwania, iliyoelezwa kutoka Taiwan mwaka 1992. Nayo spora zake ni za kahawia katikati na ncha zisizo na rangi. Tofauti mtaiona sehemu mbili. Kwanza hesabuni vyumba: Ascotaiwania kwa kawaida huwa na vingi zaidi ya vinne. Pili tazameni ncha ya juu ya kifuko. Ascotaiwania ina pete kubwa inayong'aa, huikosi hata kwa hadubini ya shule. Savoryella pete yake ni ndogo, unaitafuta. Ikiwa zenu zote ni za vyumba vinne na ncha ya kifuko haina pete ya kuvutia macho, andikeni "Savoryella, yaelekea" na mkalale. Neno "yaelekea" si aibu katika kazi hii. Aibu ni kulifuta ili jina lipendeze.

Hapo ndipo umbo linapofanya kazi yake halali. Kwa hiyo niwaambie mimi hutazama nini, na namna ya kutazama, maana wengi huharibu kielelezo kabla hawajakiona.

Wekeni kidoti kwenye tone la maji safi. Maji, si rangi. Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa kuweka kila kitu kwenye laktofenoli ya buluu, na kwa muhula mzima nikachora spora tupu, nadhifu, zisizo na kitu nje. Siku moja rangi ikaisha nikatumia maji ya bomba. Spora zilezile zikawa zimevaa joho la ute, pana kuliko spora yenyewe. Nilirudia michoro yote. Kwenye kuvu za mtoni ute ule na nyuzi zinazochomoza kwenye ncha ndizo gundi ya kushikia mbao, na mara nyingi ndizo zinazotenganisha spishi na spishi. Mkitilia shaka kama joho lipo, tieni pembeni tone la wino mweusi wa kuchorea uliochanganywa na maji. Chembe za wino haziingii kwenye ute, kwa hiyo joho litaonekana kama ukungu mweupe kuizunguka spora. Kuna na zile zenye kofia ndogo kwenye ncha ambazo zikikaa majini dakika kadhaa hukunjuka zikawa uzi mrefu, kama Aniptodera na jamaa zake. Ukiondoka mapema humpati.

Halafu ukuta wa kifuko. Bonyezeni kifuniko cha kioo taratibu kwa ncha ya penseli huku mtu mwingine akitazama. Kifuko chenye ukuta mmoja kitapasuka au kitatoa spora kwenye ncha. Chenye kuta mbili kitafanya kitu cha ajabu: ukuta wa nje utakatika na ule wa ndani utachomoza mrefu, kama antena ya redio ya mkulima. Mkiona antena, yaelekea mpo Dothideomycetes. Msipoiona na kuta zikawa nyembamba, yaelekea mpo kwenye ngeli ya Sordariomycetes, ambako Savoryella imo. Kwa hadubini ya shule hiki ndicho kipimo kinachowagawia ulimwengu nusu kwa nusu, na vinasaba kwa bahati nzuri havikukitupa.

Pimeni na upana wa nyuzi zenyewe, zile zinazotambaa mbaoni. Nyuzi za kuvu nyingi za vifuko zina mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu. Ipo oda ya Jahnulales, iliyotangazwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo nyuzi zake hupita mikromita 10, nyingine hufika 40. Chini ya hadubini zinaonekana kama kamba za nanga katikati ya nyuzi za kushonea. Jamaa mmoja wa oda hiyo, Aliquandostipite khaoyaiensis, alipatikana kwenye hifadhi ya Khao Yai, Thailand, na jina lake kwa Kilatini maana yake ni "mara nyingine na mguu", kwa sababu vijungu vyake vingine vimekaa mbaoni moja kwa moja na vingine vimesimama juu ya kikonyo. Oda hii inapenda maji ya joto, kwa hiyo kwenu Muheza si ndoto kuiona. Ni katika zile chache ambazo ukiona kamba zake unaweza kuitaja oda bila kusubiri maabara.

Kijungu chenyewe, kwa rangi na ukubwa peke yake, kinasaidia kidogo sana. Vidoti vyeusi kwenye mbao ni vidoti vyeusi.

Ile brashi nyeusi sasa. Hiyo ni kuvu katika hatua yake isiyo ya kuzaana kijinsia: vikonyo vimesimama, kila kimoja kinatoa spora nchani bila kifuko. Huenda ni kuvu nyingine kabisa, huenda ni ileile ya vijungu. Kwa macho hamwezi kujua. Kama spora yake ni ndefu, ya kahawia, imegawanywa na kuta za kukatiza, kitabu chako cha zamani kitasema Sporidesmium bila kusita, na hapo ndipo nisingekifuata. Sporidesmium ni jenasi ya mwaka 1809, na tangu hapo kila aliyeona spora ya mrija mweusi yenye vyumba aliitupia humo. Imekuwa gunia. Vinasaba vilipofungua mdomo wa gunia, zilitoka kuvu za ngeli mbili, za familia chungu nzima. Distoseptispora, kwa mfano, ilitengwa mwaka 2016 na kupewa familia yake, na leo ina spishi nyingi, zikiwemo nyingi za mbao za majini. Kwa brashi yenu andikeni "mfano wa Sporidesmium", pigeni picha, choreni kikonyo, choreni namna spora inavyoachana nacho, basi.

Suala la majina kuhama lina sababu ya pili, nayo si ya kibiolojia, ni ya kisheria. Kwa muda mrefu kuvu moja iliruhusiwa kuwa na majina mawili: moja la hatua ya vifuko, jingine la hatua ya brashi. Mwaka 2011 wanabotania waliokutana Melbourne waliifuta ruhusa hiyo, na kuanzia 1 Januari 2013 kila kuvu ina jina moja halali. Wale waliokuwa na mawili ikabidi waache moja. Oda hiihii ya Savoryella ina mfano mzuri. Canalisporium ni jenasi ya mwaka 1989, ya hatua ya brashi, spora yake imegawanyika vyumba kama mkate wa kumimina uliokatwa vipande. Mwaka 2010 ikajulikana hatua yake ya vifuko, wakaiita Ascothailandia, jina zuri, wakaliingiza hata kwenye karatasi ya mwaka 2011 iliyounda oda. Muda si mrefu sheria ikaja kudai moja. Canalisporium lilikuwa la zamani, likabaki. Kwa hiyo vijana wakikuta Ascothailandia kwenye maandishi ya 2011 na wasiikute kwenye orodha ya leo, haijafa wala haikuwa ya uongo. Imerudi kwa jina la kwanza.

Kuhusu lile doa la zambarau: ipo kuvu iitwayo Amniculicola lignicola, iliyoelezwa mwaka 2008 kutoka Ufaransa, inayopaka mbao iliyozama rangi ya zambarau. Tena ni wa ukoo mmoja na ile Anguillospora longissima niliyoitaja, spora ya S na doa la mbaoni wakiwa familia moja, jambo ambalo kwa umbo mtu asingeliota. Lakini msikimbilie. Rangi kwenye mbao huweza kuletwa na kuvu zaidi ya moja. Tafuteni vijungu ndani ya doa hasa, si pembeni yake, mkifungue kimoja, mfanye kipimo cha antena. Mkikosa vijungu, andikeni doa, msiandike jina.

Najua swali linalofuata: shule haina mashine ya kusoma vinasaba, je, kazi yetu ina thamani? Ina thamani kubwa, mradi kielelezo kitunzwe. Msipeleke mbao yote kwenye rambo, na zenyewe zimepigwa marufuku tangu 2019. Ndoo ndogo yenye mfuniko inatosha. Vipande vya urefu wa shubiri moja hadi mbili vinafaa, vile ambavyo gome limeshatoka. Gome likiwa bado zuri na mbao ngumu, mti ule umeanguka jana, mtakayoyaona ni mambo ya nchi kavu yaliyobebwa. Osheni matope kwa maji ya mtoni, wekeni kwenye kontena juu ya karatasi ya tishu iliyolowa. Iliyolowa, isielee. Fungueni kila siku chache ipate hewa. Tazameni wiki ya kwanza, kisha endeleeni hadi miezi mitatu, maana kuvu hazitoki siku moja. Zinazowahi huwa zilezile za kila mto, na nyingi za kuvutia huja baadaye, wakati mwanafunzi mvivu ameshatupa kipande.

Mkipata mnachotaka, kateni kipande chenye vijungu, kikaushwe kivulini, kitiwe kwenye bahasha ya karatasi. Juu ya bahasha: mto gani, karibu na nini, tarehe, nani kaokota, mti gani kama mnaujua. Kijungu kilichokaushwa vizuri kikirudishiwa tone la maji hata baada ya miaka mingi hufunguka kikaonyesha spora zake. Bila bahasha hiyo, mchoro wenu ni hadithi.

Rafiki yako wa chuoni ndiye atakayefanya hatua ya vinasaba. Mwambie asisage mbao akasoma chochote kilichomo. Mimi nilifanya hivyo mara moja, kwa haraka ya kupata spishi mpya. Mfuatano ulirudi nikaulinganisha kwenye hifadhi ya data, ikawa Trichoderma, kuvu ya kila udongo, iliyodandia tu. Inatakiwa apasue kijungu, atawanye spora juu ya agari (jeli ya kuoteshea) isiyo na chakula kingi yenye dawa ya kuzuia bakteria, asubiri saa 12 hadi 24 spora zichipue, kisha anyofoe spora moja iliyochipua kwa ncha ya sindano akiitazama, aioteshe peke yake. Hapo ana uhakika kwamba kinachosomwa ndicho kilichochorwa. Kipande cha vinasaba kiitwacho ITS, ambacho mwaka 2012 kilikubaliwa kuwa alama ya kutambulishia kuvu, kitasaidia kwenye spishi. Kingine, LSU, kitasema familia au oda. Kwa hizi za mtoni aongeze vipande vya RPB2 na TEF1, kwa sababu kwenye mahakama ya ukoo shahidi mmoja hatoshi, na karatasi nyingi zilizoegemea kipande kimoja zimeshapinduliwa.

Nikurudishie na kazi, Mwalimu, kwa kuwa mnaishi mahali pazuri kwa swali moja. Savoryella lignicola imeripotiwa kwenye maji baridi na pia kwenye maji ya chumvi, na spishi nyingine za jenasi yake ni za mikokoni. Zigi unashuka kutoka Usambara hadi baharini karibu na Tanga. Chukueni vipande huko juu (ndani ya hifadhi ya Amani ombeni ruhusa kwanza), chukueni vya katikati, kisha vya mikokoni mto unapoingia baharini. Vyote vikae kwenye makontena sawa, kwa miezi mitatu ileile. Pimeni urefu na upana wa spora 30 kutoka kila mahali, muandike idadi ya vyumba. Kama spora za juu na za chini zitakuwa za vipimo tofauti, nitumie michoro pamoja na bahasha, maana hapo umbo litakuwa limeuliza swali ambalo vinasaba vinapaswa kulijibu.